Barua ya TRA imefika: dalili, visababishi na namna ya kujibu

Kila mwaka tarehe 31 Machi ikikaribia, na tena kuelekea 30 Juni, sisi tunaoshika hesabu za wafanyabiashara hapa Dodoma tunaletewa bahasha nyingi za TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kadhaa zimeshafunguliwa, zikasomwa nusu, zikarudishwa kwenye droo ya kaunta pamoja na risiti za pango. Zinapotufikia, siku za kujibu zimebaki mbili tatu, au zimekwisha kabisa. Kwa hiyo tutaanza na tarehe, pesa zitafuata. Deni linaloumiza zaidi mara nyingi limekuzwa na ukimya wa mlipakodi, si na kodi yenyewe.

Kabla ya yote

Andika kwenye bahasha tarehe uliyoipokea barua na jina la aliyekukabidhi. Siku 30 za kupinga uamuzi wa kodi zinahesabiwa tangu ulipofikishiwa uamuzi huo, hivyo tarehe hiyo ni ushahidi wako.

Kisha tafuta mambo matano ndani ya barua: TIN (namba yako ya mlipakodi, tarakimu tisa, linganisha moja baada ya nyingine na cheti chako), jina kamili, aina ya kodi, kipindi kinachodaiwa, na kitu unachotakiwa kufanya pamoja na siku ya mwisho. Hapo utatambua umeshika barua ya aina gani. Ipo inayokukumbusha au kukuomba maelezo na nyaraka. Ipo ya tathmini, inayosema kodi yako ni kiasi fulani. Na ipo inayodai deni ambalo tayari limekuwa deni. Hii ya pili ndiyo inayowaponza watu. Mtu anapata tathmini, anaandika barua ya heshima kueleza biashara ilivyokuwa ngumu, anasubiri majibu, na kumbe siku 30 zinakatika. Barua ya maelezo si pingamizi. Tathmini hupingwa kwa pingamizi, kwa utaratibu wake.

Kama barua inakuja mkononi lakini hukuwahi kuona taarifa yoyote kabla yake, angalia barua pepe na namba ya simu zilizosajiliwa kwenye TIN yako. TIN nyingi zilifunguliwa stesheneri, na kijana wa stesheneri akajaza barua pepe yake ili kazi iende haraka. Taarifa zako zote zimekuwa zikienda kwake. Nenda ofisi ya TRA na kitambulisho cha NIDA ubadilishe mawasiliano hayo wiki hiihii, hata kama barua ya sasa utaimaliza salama.

Dalili: hujui kama barua inatoka TRA au kwingine

Tangu Serikali ihamie, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, viwanja na fremu zimeongezeka, na bahasha za kudai malipo pia. Sababu ya kwanza ya mkanganyiko ni kwamba watu huita kila malipo ya Serikali "kodi". Kodi ya pango la ardhi ya kiwanja chako cha Nzuguni au Mtumba ni jambo la wizara ya ardhi. Ushuru wa huduma na leseni ya biashara ni vya halmashauri. Kodi ya majengo, tangu Agosti 2021, hukatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Ukiona jengo moja lenye mita tatu linakatwa kwa kila mita, ripoti namba za mita zote zishughulikiwe. Usiache tu kwa kuwa ni hela ndogo.

Sababu ya pili ni utapeli. Vishoka wanajua watu wanaiogopa nembo. Barua au simu inayokutaka utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu, au inayokuahidi deni "litapungua ukiongea vizuri", usiifuate. Malipo halali ya kodi huenda kwa kontrol namba (namba maalumu ya malipo ya Serikali), na ukianza kulipa, benki au simu itakuonyesha jina la anayelipwa kabla hujathibitisha. Afisa wa kweli ana kitambulisho, na ukimwomba akionyeshe hakasiriki. Ukibaki na shaka, chukua namba ya kumbukumbu iliyo juu ya barua uende nayo mapokezi ya ofisi ya TRA ya mkoa, au upige namba za bure zilizo kwenye tovuti ya mamlaka. Usipige namba iliyoandikwa kwenye barua unayoitilia shaka.

Dalili: kiasi ni kikubwa kuliko biashara yenyewe

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Mtu ana duka la nguo Majengo, barua inasema alipe milioni tisa, naye anaapa kwamba duka zima halina bidhaa za milioni tisa.

Mara nyingi chanzo ni ritani, yaani taarifa za kodi za kipindi husika, ambazo hazikupelekwa. Usipotoa taarifa, sheria inamruhusu Kamishna Mkuu wa TRA kukadiria kwa uelewa wake bora, na makadirio ya mtu asiye na kumbukumbu zako hayatakuhurumia. Hata aliyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ambaye hakuuza kitu mwezi mzima anatakiwa kupeleka ritani yenye sifuri ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukiangalia kumbukumbu zako ukakuta mwezi hauna ritani, tatizo umeshalipata. Iandae, ipeleke, kisha uitumie kwenye majibu yako.

Chanzo kinachofuata ni mauzo ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki, kutolingana na ulichotangaza. Chapisha ripoti za Z (muhtasari wa mauzo ya kila siku unaotolewa na mashine) za kipindi hicho uzijumlishe mwenyewe kabla ya kubishana na mtu. Tafuta risiti iliyoingizwa sifuri moja zaidi, au muamala uliofutwa dukani lakini mashine ikabaki nao. Ukiipata, onyesha risiti yenyewe, daftari la siku hiyo na fedha iliyoingia. Na hapa nasisitiza: karatasi ya EFD hufifia. Risiti iliyokaa miezi kadhaa kwenye kioo cha dirisha la duka, au kwenye dashibodi ya Noah juani, inakuwa karatasi nyeupe isiyosema kitu. Toa kopi au piga picha siku unapoipokea, kwa sababu kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka mitano na risiti ya EFD peke yake haifiki huko.

Kwa ndugu zetu wa nafaka wa Kibaigwa, na wa alizeti kule Singida na Manyoni, kuna chanzo ambacho hawakifikirii kabisa: pesa za watu wengine kupita kwenye akaunti yako. Tajiri wa Dar es Salaam anakutumia milioni 60 umnunulie mahindi, wewe unabaki na kamisheni ya kila gunia, lakini taarifa ya benki inaonyesha milioni 60 zimeingia kwa jina lako. Afisa anayesoma taarifa hiyo ataziona ni mauzo mpaka umwonyeshe vinginevyo. Kinachokuokoa ni makubaliano ya maandishi na huyo tajiri, hata ya ukurasa mmoja, stakabadhi za mizani, risiti za ushuru wa mazao na orodha ya magunia kwa tarehe. Anza kuzikusanya msimu ukiwa unaendelea. Ukisubiri barua, wakulima uliowanunulia wameshatawanyika.

Chanzo kingine ni adhabu na riba kujumlishwa na kodi. Tazama jedwali: kodi ya msingi ni mstari mmoja, adhabu mwingine, riba mwingine. Adhabu ya kuchelewesha ritani huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, kwa asilimia 2.5 ya kodi isiyolipwa au kiwango cha chini kilichowekwa na sheria, kinachozidi ndicho kinachotozwa. Na kiwango hicho cha chini kwa kampuni ni mara tatu ya cha mtu binafsi. Riba nayo huzaa riba kila mwezi. Kama kodi ya msingi ni sahihi na kinachokuumiza ni mistari hiyo miwili, usipinge tathmini nzima. Lipa kodi ya msingi, kisha omba kwa maandishi usamehewe riba na adhabu, ukitoa sababu zenye vielelezo: kulazwa hospitali, msiba, duka kuungua.

Sababu inayotokea mara chache zaidi ni kosa la hesabu kwenye tathmini yenyewe. Lipo, lakini usiliweke mbele kabla hujamaliza hayo ya juu.

Kama baada ya yote bado huafiki, weka pingamizi. Liwe la maandishi, liwasilishwe ndani ya siku 30, lieleze unapinga kiasi gani, kwa sababu zipi, na kwa ushahidi upi. "Kodi ni kubwa mno" si sababu. "Mauzo yaliyotumika ni 84,000,000 wakati ripoti za Z za mwaka mzima ni 48,000,000, nakala zimeambatishwa" hiyo ni sababu. Barua ikiwa na tathmini za miaka mitatu, ipinge kila moja kwa pingamizi lake.

Pingamizi pia lina amana yake, na hapa ndipo wengi wanakwama. Unatakiwa kulipa kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kile kilicho kikubwa. Tuchukue ile milioni tisa. Theluthi ni milioni tatu. Kama mwenyewe unakubali unadaiwa milioni mbili, utalipa milioni tatu. Kama unakubali milioni nne, utalipa nne. Usipolipa na usipoomba nafuu, pingamizi haliingii na tathmini inakuwa ya mwisho. Kama huna pesa hiyo, mwombe Kamishna Mkuu kwa maandishi apunguze au aondoe amana, ukieleza kwa nini, na ombi hilo lisisubiri siku ya ishirini na tisa. Muda ukikupita kwa ugonjwa, safari nje ya nchi au sababu nyingine ya msingi, unaweza kuomba uongezewe, lakini utaulizwa vyeti vya hospitali au pasi ya kusafiria.

Simama uite mtaalamu hapa: tathmini inagusa zaidi ya mwaka mmoja, au barua ina maneno kama udanganyifu au ukwepaji kodi, au pingamizi limeshaamuliwa na hukuridhika. Rufaa kwenye Bodi ya Rufani za Kodi ina saa yake: kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45 tangu ulipopewa uamuzi. Hizo si nyaraka za kuandikiwa stesheneri. Tafuta wakili au mshauri wa kodi aliyesajiliwa, na umwombe akuonyeshe usajili wake kabla hujamlipa.

Dalili: unadaiwa kodi ya biashara usiyokuwa nayo

Visababishi vya hapa ni vichache na hujirudia. Kinachoongoza ni biashara iliyofungwa kimyakimya. Ulikuwa na saluni Chang'ombe, ukafunga, ukarudi Kondoa kulima. Mashine uliiuza au iko kabatini, lakini kwa TRA saluni bado iko wazi na kila mwaka inakadiriwa. Kufunga mlango si kufunga biashara. Andika barua ya kusitisha biashara siku unayofunga, taja mashine ya EFD iko wapi, ubaki na nakala yenye muhuri. Kama umechelewa, bado unaweza kuthibitisha ulifunga lini kwa vitu vya kawaida: barua ya mwenye fremu kwamba ulikabidhi funguo, leseni ambayo haikuhuishwa, barua ya mwenyekiti wa mtaa, umeme uliokatwa. Ukivipeleka pamoja, kwa mpangilio wa tarehe, afisa anapata kitu cha kufanyia kazi.

Pili ni TIN ya leseni ya udereva. Mtu alichukua TIN ili apate leseni au aandikishe bodaboda yake, na mahali pa kujaza shughuli mjazaji akaandika biashara. Omba kumbukumbu hiyo irekebishwe iwe TIN isiyo ya biashara. Tatu, na hii ni mbaya zaidi, ni kumwazima mtu TIN yako aagizie gari au mzigo. Mzigo ule umeandikwa ni wako. Usimwazime mtu TIN, hata awe mdogo wako wa tumbo moja. Kama jambo limeshatokea na kiasi ni kikubwa, nenda na mtaalamu, usiende kujieleza peke yako.

Barua ikija kwa jina la marehemu, usiirudishe. Msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndiye wa kujibu, akiambatisha hati ya usimamizi na cheti cha kifo.

Dalili: umelipa, lakini barua inasema bado

Tulia, hili hutatuliwa vizuri likiwa na karatasi. Mara nyingi pesa imeingia TRA ila imekaa mahali pengine: kontrol namba ilitolewa kwa mwaka mwingine, kwa kodi nyingine, au kwa TIN ya mwenzako mnayeshirikiana naye. Chukua risiti za benki au ujumbe wa simu, omba ofisini taarifa ya akaunti yako ya mlipakodi, linganisha mstari kwa mstari, kisha andika barua ukiomba malipo yahamishwe, ukitaja kontrol namba, tarehe na kiasi. Kuna pia wanaolipa awamu ya Machi wakasahau ya Juni, Septemba na Desemba, wakijua wamemaliza mwaka. Na kuna jambo chungu: ulimpa mtu pesa akulipie, akakupa kipande cha karatasi. Malipo yasiyoonekana kwenye mfumo hayapo. Huyo mtu ni wa polisi, lakini kodi bado ni yako na muda wa barua haumsubiri.

Dalili: wewe ni mpangaji, na unadaiwa kodi ya pango

Wenye fremu za barabarani mjini kati hushtuka sana kwa hili. "Kwani nyumba ni yangu?" Nyumba si yako, lakini mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango, kodi ya zuio, na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha.

Ukilipa miezi sita kwa 400,000, jumla 2,400,000, unampa mwenye nyumba 2,160,000 na TRA 240,000. Mwenye nyumba akishikilia apate 2,400,000 kamili mkononi, hesabu inabadilika: pango linakuwa 2,666,667 na zuio 266,667. Ndiyo maana swali la nani anabeba zuio liulizwe kabla ya kusaini mkataba. Mkataba wenyewe nao una ushuru wa stempu wa asilimia moja ya pango, ambao watu huusahau. Kama hukukata, ongea na mwenye nyumba mapema mkubaliane akatwe kwenye pango lijalo, lakini TRA jibu wewe, kwa kuwa barua imekuja kwako. Ukishalipa, mpe mwenye nyumba uthibitisho wa zuio, kwani atauhitaji kwenye ritani yake.

Dalili: barua inaomba nyaraka, au inasema utakaguliwa

Si tuhuma bado. Huenda mteja wako amedai ununuzi ambao kwako hauonekani kuwa mauzo, au wewe umeomba marejesho ya VAT, au sekta yako ndiyo inayopitiwa. Peleka kilichoombwa, kwa kipindi kilichoombwa. Usibebe shubaka zima la mafaili. Peleka nakala, ubaki na hati halisi. Andika barua ya kufunika yenye orodha ya kila kilichomo, uwe na nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa masijala pamoja na tarehe. Kama siku hazitoshi, omba nyongeza kabla hazijaisha.

Usitengeneze risiti wala mkataba wa tarehe za nyuma. Mtu mwenye kosa la hesabu analigeuza kosa la jinai kwa karatasi moja. Kama kumbukumbu zimepotea kweli, sema zimepotea, eleza namna, na toa zilizopo.

Ukiona lalamiko lako linahusu namna ulivyohudumiwa, kama kucheleweshewa majibu au lugha mbaya, na si kiasi cha kodi, ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Ila usisimamishe pingamizi kwa kuisubiri.

Dalili: akaunti imezuiwa, au benki imepewa amri ya kulipa

Hapa barua zilishapita, na mamlaka imeiagiza benki ilipe kutoka kwenye fedha zako. Usigombane na keshia wa benki, hana uwezo wa kukataa. Omba nakala ya amri, uone deni ni la kodi ipi na mwaka gani, na siku hiyohiyo nenda ofisi ya kodi ukiwa na mtaalamu. Mkiona deni ni halali, pelekeni ombi la kulipa kwa awamu lenye tarehe na viwango unavyoweza kweli kuvitimiza, pamoja na malipo ya awamu ya kwanza kama yapo. Ahadi ikivunjwa mwezi wa pili, ombi linalofuata litakuwa gumu. Kama deni lilishalipwa au lina pingamizi lililo hai, beba risiti na nakala ile yenye muhuri wa masijala, na uombe kwa maandishi amri iondolewe.